BUNDUKI YA RISASI MOJA: Namna ya Kupata Risasi Zenye Shabaha ya Kuaminika



Waraka huu wahusu bunduki ya uwindaji ipigayo risasi moja tu kwa kila kujazwa. Bunduki ya namna hii haina ghala ya risasi. Ukisha kupiga, sharti uifungue kwa mkono, ulitoe ganda, utie risasi nyingine, uifunge tena, ndipo uweze kulenga. Nguruwe aliyeingia katika mahindi hangoji hayo yote. Akikoswa, hukimbia, na usiku mwingine hurudi. Akijeruhiwa ni vibaya zaidi, maana huenda akafa kichakani kwa mateso ya siku nyingi, au akamrukia mtu amfuataye. Kwa hiyo mwenye bunduki ya namna hii hana budi kuwa na hakika ya risasi ile moja kabla ya kuondoka nyumbani kwake.

Katika Marekani na nchi nyingine kadhaa, wakulima na wawindaji wengi huitafuta hakika hiyo kwa kuyajaza tena wenyewe maganda yaliyokwisha kupigwa. Watu wasioijua kazi hii hudhani kwamba siri yake ni baruti nyingi au chombo cha bei kubwa. Siri yenyewe ni usawa: kila risasi ifanane na mwenzake kwa kila jambo, na majaribio yafanywe kwa subira, jambo moja kwa wakati mmoja. Mkulima ajuaye kujaribu mbegu mpya amekwisha kuijua nusu ya kazi hii.

KWANZA, SHERIA

Waraka huu haumpi mtu yeyote ruhusa ya kuwa na bunduki, wala ya kuwinda, wala ya kujaza risasi. Sheria za nchi hazifanani. Katika Kenya, kwa mfano, uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Katika nchi nyingi mtu hawezi kuwa na bunduki bila hati, na kuwa na hati ya bunduki si sawa na kuwa na hati ya kutengeneza risasi. Waulize polisi na maofisa wa wanyama pori kabla ya kununua hata kijiko kimoja cha baruti. Ikiwa sheria yakukataza kujaza maganda, soma hata hivyo, maana majaribio yatakayoelezwa chini yamfaa pia yule atumiaye risasi za dukani.

ASILI YA UFUNDI HUU

Mwaka wa 1873 jeshi la Marekani lilichagua bunduki ya risasi moja iliyotumia risasi iitwayo .45-70. Hesabu hizo zina maana. Ile 45 ni upana wa kichwa cha risasi, kwa kukadiria, katika sehemu za mia za inchi. Ile 70 ni uzito wa baruti nyeusi kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja. Kichwa chenyewe kilikuwa cha greni 405. Lakini wapanda farasi walichukua bunduki fupi na nyepesi, ambayo teke lake lilikuwa kali mno, nao wakapewa risasi zenye baruti greni 55 tu. Basi tangu zamani ilijulikana kwamba baruti ipimwe kwa kadiri ya bunduki na mtu, wala si kwa kujaza hata ganda lifurike.

Mwaka wa 1874, mahali paitwapo Creedmoor karibu na mji wa New York, Wamarekani sita walishindana na Waairishi sita kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waairishi walitumia bunduki za kushindilia mdomoni, na Wamarekani walitumia bunduki za kujazwa nyuma, za Sharps na Remington. Wamarekani walipata alama 934, na Waairishi 931. Mmoja wa Waairishi alikuwa amepiga katikati kabisa, ila katika shabaha isiyokuwa yake, na pigo lile halikuhesabiwa. Mkulima na alifikiri jambo hilo. Risasi ile ilikuwa njema, na bunduki njema, lakini kazi yote ya mezani haikuweza kusahihisha kosa la jicho.

Baadaye wapiga shabaha wengine walizidi kuupeleka mbele ufundi huu. Baadhi yao walikuwa wakitumia ganda moja tu siku nzima, wakilijaza tena na tena mezani, ili tofauti kati ya ganda na ganda isiwepo kabisa. Mwaka wa 1901, C. W. Rowland wa Boulder, Colorado, alipiga risasi 10 kwa umbali wa yadi 200 kwa mtutu uliotengenezwa na fundi Harry Pope, na vituo vya matundu yote vilikaa ndani ya robo tatu ya inchi. Naye daktari Franklin W. Mann alieneza mwaka wa 1909 kitabu cha majaribio yake ya miaka mingi. Aliharibu kwa makusudi ncha za vichwa vingine na vitako vya vichwa vingine, akavipiga vyote. Akaona kwamba ncha iliyoharibika haidhuru sana, bali kitako kilichoharibika hupoteza shabaha. Neno hilo moja limewasaidia watu wengi, nalo litarudi hapa chini.

SEHEMU NNE ZA RISASI

Ganda. Ganda la shaba likipigwa hutanuka, likaufuata umbo wa chemba ya bunduki ile. Kwa hiyo yaweke pamoja maganda yaliyopigwa katika bunduki yako, yote ya kiwanda kimoja, wala usiyachanganye na ya jirani. Bunduki nyingi za risasi moja hazina nguvu ya kusukuma ndani ganda lenye kubana. Kila ganda, likiwa bado tupu, na lijaribiwe katika chemba. Likikataa kuingia kwa kidole, halifai kwenda porini. Lenye ufa mdomoni litupwe.

Fataki. Tumia aina moja tu. Fataki za viwanda mbalimbali hazina moto sawa, na kubadili fataki ni kuanza majaribio upya kuanzia chini.

Baruti. Ziko za namna mbili, nazo zisichanganywe kamwe wala moja isitumiwe kwa kipimo cha nyingine. Baruti nyeusi hutoa moshi mwingi na masizi mazito, na yapasa ijae mpaka kitako cha kichwa, pasiwe na nafasi tupu. Baruti isiyo na moshi ina nguvu zaidi sana. Mtu akiitia kwa ujazo wa baruti nyeusi, bunduki yaweza kupasuka usoni pake. Kipimo chake hutolewa na kiwanda kilichoitengeneza, katika kitabu chenye orodha. Orodha za .45-70 hugawanywa mara tatu kwa kadiri ya uimara wa bunduki. Bunduki ya mfano wa 1873 ni dhaifu, na kipimo cha bunduki mpya iliyo imara chaweza kuivunja. Ukiwa huijui bunduki yako ni ya daraja gani, mpelekee fundi kwanza.

Kichwa. Kwa baruti nyeusi hutumiwa madini laini ya risasi, yaliyotiwa bati kidogo, kama sehemu 1 ya bati kwa sehemu 20 za risasi. Humiminwa katika kalibu, na katika mifereji yake hupakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu, ili masizi yabaki laini. Vipime vyote kwa mzani. Chenye tundu ndani huwa chepesi, nacho kirudishwe chunguni. Kisha geuza kila kimoja utazame kitako. Chenye pembe iliyovunjika kisitumiwe, kwa sababu aliyoionyesha Mann.

KAZI YENYEWE

1. Maganda yaliyopigwa kwa baruti nyeusi yaoshwe siku ile ile kwa maji na sabuni, yakaushwe kabisa. Yakilala na masizi, shaba huliwa.

2. Toa fataki iliyokwisha kupigwa, na ulirudishe ganda katika umbo lake kwa kulishindika katika kalibu ya chuma. Pima urefu. Ganda la .45-70 lisizidi inchi 2.105. Lililorefuka likatwe.

3. Tia fataki mpya kwa kuisukuma taratibu mpaka ikae chini kidogo ya uso wa kitako cha ganda. Ikichomoza, yaweza kulipuka wakati wa kufunga bunduki.

4. Panua mdomo wa ganda kidogo sana, ili ukingo wake usikwangue kitako cha kichwa kinapoingia.

5. Pima baruti kila mara kwa mzani, wala usikadirie kwa jicho. Baruti nyeusi imiminwe polepole kupitia mrija mrefu wa futi mbili hivi, ili punje zilale vema na kwa namna moja.

6. Yasimamishe maganda yote katika ubao wenye matundu, ukayamulike kwa tochi ya umeme. Baruti yapasa isimame sawasawa katika yote. Usilipite jambo hili hata ukiwa na haraka. Ganda lisilo na baruti laweza kukisukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na risasi ifuatayo ikaupasua mtutu huo.

7. Weka kipande cha duara cha karatasi ngumu juu ya baruti nyeusi, kiwe ngao ya kitako. Kisha tia kichwa kwa unyofu, na urudishe mdomo wa ganda uliopanuliwa. Kwa kuwa bunduki hii haina ghala, huna haja ya kufupisha risasi ili ienee ndani yake. Kichwa chaweza kukaa mbele, karibu na mifereji ya mtutu. Lakini kwa baruti isiyo na moshi kisigusane na mifereji, maana nguvu hupanda ghafula. Fuata urefu ulioandikwa katika orodha.

KUJARIBU

Kama ungebadili mbegu, samadi na nafasi ya kupandia katika msimu mmoja, usingeweza kujua ni lipi lililokuletea mavuno. Ni vivyo hivyo hapa. Usibadili baruti, fataki na kichwa kwa pamoja. Badili jambo moja, na mengine yote yakae vile vile.

Anza na kipimo cha chini kabisa katika orodha. Tengeneza risasi tano za kipimo hicho, tano za kipimo kinachofuata, na kuendelea hivyo, pasipo kupita kipimo cha juu kilichoandikwa. Kila fungu liwe na alama yake. Tundika karatasi kwa umbali wa yadi 100, nyuma yake pawe na kilima cha udongo, na pasiwe na njia, nyumba wala mifugo upande ule. Lala au keti, ukaiegemeze bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Ubao wa mbele ndio uguse mfuko, wala si mtutu, nao uguse mahali pale pale kila mara. Bunduki nyingi za risasi moja zina mti wa vipande viwili, cha nyuma na cha mbele, na kile cha mbele kikiegemezwa leo hapa na kesho pale, matundu huhama ijapokuwa risasi haina kosa.

Baada ya kila pigo ungoje mtutu upoe. Ikiwa watumia baruti nyeusi, fungua bunduki, toa ganda, kisha pulizia pumzi mara kadhaa kupitia mrija uliotiwa upande wa nyuma wa mtutu. Unyevu wa pumzi hulainisha masizi. Usiweke uso wako kamwe mbele ya mdomo wa bunduki.

Sasa tazama karatasi. Tuseme kwa mfano kwamba mafungu matano, tangu kipimo cha chini mpaka cha juu, yametoa makundi ya upana wa inchi 5, 3, 2½, 3 na 6. Chagua lile la katikati, kwa sababu jirani zake wa pande zote mbili ni wema pia, na kosa dogo la mzani au joto la siku halitakutupa mbali. Lakini kama kundi moja dogo la inchi 1½ limekaa kati ya la 5 na la 6, usilifurahie upesi. Huenda ni bahati tu. Mbegu ifaayo ni ile izaayo katika miaka mingi na mashamba mengi, wala si ile iliyozaa sana mara moja kando ya kichuguu.

Kundi la matundu matatu hudanganya sana. Kipimo ulichokichagua kijaribu siku nyingine kwa risasi kumi, nawe utaona kundi limepanuka. Upana huo wa kumi ndio ukweli wa bunduki yako. Liandike neno hilo katika daftari pamoja na tarehe, aina ya ganda, fataki, baruti, uzito wa kichwa, urefu wa risasi, na hali ya hewa. Hapo ndipo waweza kubadili jambo la pili, kama vile mahali pa kichwa au aina ya nta, na kulijaribu kwa namna ile ile.

Limebaki jaribio moja ambalo wengi huliacha, nalo ndilo lenye faida kuu kwa mwindaji. Mnyama hupigwa kwa mtutu baridi, tena mara nyingi kwa mtutu uliosafishwa na kupakwa mafuta. Pigo la kwanza la mtutu kama huo huenda mahali tofauti na mapigo yanayofuata. Kwa hiyo chukua karatasi moja, na asubuhi tano mbalimbali upige risasi moja tu kila asubuhi, bunduki ikiwa katika hali ile ile utakayoipeleka porini. Matundu hayo matano yatakuonyesha mahali risasi yako ya kweli inapokwenda.

UMBALI WA HAKI

Upana wa kundi huongezeka kwa kadiri ya umbali. Kundi la inchi 4 kwa yadi 100 halitakuwa chini ya inchi 8 kwa yadi 200. Mahali pa kuua upesi, yaani moyo na mapafu, kwa mnyama wa kadiri ya swala mkubwa, ni kama upana wa sahani, inchi 8 hivi. Basi kwa yadi 200 bunduki hiyo imekwisha kuitumia sahani yote, na bado hatujahesabu mkono unaotetemeka, pumzi ya mtu aliyetembea, wala upepo. Mtu mwenye haki atapiga kwa yadi 100, au atasogea karibu zaidi.

Tena, kichwa kizito kiendacho polepole huanguka sana. Risasi ya zamani ya .45-70, bunduki ikiwa imerekebishwa kwa yadi 100, itapita chini zaidi ya futi moja kwa yadi 200. Mwindaji asiyejua kupima umbali kwa jicho atapiga miguu. Risasi nzuri ya mezani humpa mtu haki ya kupiga pale alipothibitisha, wala haimpi haki ya kupiga mbali zaidi.

MAONYO

Pasiwe na tumbako, taa ya moto wala jiko mahali pa kazi. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Jingine lirudishwe kabla ya hilo kuletwa. Baruti ikae katika kopo lake lenye jina, na fataki zikae mbali nayo, vyote chini ya kufuli, mbali na watoto. Vaa miwani.

Madini ya risasi ni sumu. Yayeyushwe nje penye upepo, wala si katika chungu cha kupikia. Tone moja la maji likiingia katika risasi iliyoyeyuka hulipuka kwa mvuke na kuunguza uso. Nawa mikono kabla ya kula.

Ukiona fataki imebapa mno, au ganda limekataa kutoka, au teke limezidi ghafula, acha kupiga. Risasi zilizobaki zivunjwe na kupimwa upya.

KWA ANUNUAYE RISASI ZA DUKANI

Mtu asiyeruhusiwa kujaza maganda asidhani amekosa yote. Nunua kisanduku kimoja kimoja cha aina mbili au tatu zilizotengenezwa kwa bunduki yako, ukazijaribu kama ilivyoelezwa: tano kwanza, kisha kumi za ile iliyo bora, kisha asubuhi tano za mtutu baridi. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zaweza kupenda risasi mbalimbali, kama mashamba mawili jirani yasivyopenda mbegu moja. Ukiisha kuipata ifaayo, usibadili, na ukinunua kisanduku kipya piga tena chache kwa karatasi kabla ya kumwelekea mnyama.

YASHIKE HAYA

1. Pata ruhusa ya sheria kwanza.
2. Anza chini, wala usipite juu ya orodha.
3. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uliandike.
4. Amini mapigo kumi kuliko matatu, na pigo la mtutu baridi kuliko yote.
5. Mnyama akiwa mbali kuliko karatasi yako ilivyothibitisha, usipige. Mngoje asogee, au mwache aende. Mahindi machache aliyokula yana hasara ndogo kuliko mnyama aliyejeruhiwa, ambaye kesho yake mtoto atakutana naye njiani kisimani.